Ngazi za barazani zilipolika

Ngazi za baraza yetu hapa Kibokoni zina vidato vitatu, na cha chini kililika ukingo hadi nondo ikachungulia. Mara ya kwanza nilipaka simiti juu juu tu. Masika yakaibandua yote.

Safari hii nilianza kwa kugonga na nyundo. Panapolia tupu, ng'oa kwa patasi, hata kama kwa macho ni pazima. Nondo isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'are, maana kutu hufura na kupasua zege kutoka ndani. Osha palowe, lakini maji yasituame. Paka uji wa simiti, na kabla haujakauka bandika mchanganyiko: simiti 1, mchanga 3. Mchanga wa ufuoni hapana! Chumvi yake ndiyo inayokula chuma. Ukingo uzuie kwa ubao ulioegemezwa matofali.

Usilainishe sana kwa mwiko. Mama mkwe wangu nusura ateleze. Pitisha ufagio kabla simiti haijashika. Funika kwa magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni siku 7, jua letu walijua.

Njia ya kwenda getini ni vivyo hivyo, ila nyufa nyembamba zipanue kwanza, simiti ipate pa kuingia.