Ukiandikiwa dripu ya doksorubisini ya liposomu

Wagonjwa wa saratani ya Kaposi, ambayo mara nyingi huonekana kama madoa au uvimbe kwenye ngozi, ninaowahudumia hapa Dar es Salaam wakisikia nanoteknolojia hudhani ni mashine. Mimi huwaonyesha kichupa cha dawa nyekundu. Humo doksorubisini, dawa ya kuua seli za saratani, imefungwa ndani ya vipovu vya mafuta, ndizo liposomu, vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Upana wa unywele mmoja unatosha mamia yake. Marekani iliipitisha mwaka 1995, kwa Kaposi hasa.

Mishipa ya damu ya uvimbe huota ovyo, kama nyumba iliyojengwa harakaharaka ikabaki na nyufa. Vipovu havipenyi kirahisi kwenye mishipa mizima, lakini kwenye nyufa hizo hupita na kunasa. Ndiyo maana moyo na nywele huathirika kidogo kuliko kwa doksorubisini ya kawaida. Nimesema kidogo, sikusema haviguswi.

Kwa hiyo kabla ya dripu utapimwa damu, na moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti. Kama uliwahi kupewa dawa nyekundu hospitali nyingine, njoo na faili lako, maana moyo hubeba jumla ya dozi zote za maisha. Ujauzito na kunyonyesha vitaje mapema. Kama unatumia ARV, dawa za VVU, endelea nazo.

Siku yenyewe kula kwanza, vaa viatu vilivyolegea. Muombe nesi akusomee jina la dawa: ya kawaida na ya liposomu hufanana rangi, dozi zake ni tofauti, na haibadilishwi moja kwa nyingine. Hii huchanganywa kwenye glukosi ya asilimia 5, si maji ya chumvi.

Dripu ya kwanza huanza taratibu sana. Tafadhali usinihimize niiongeze kasi kwa sababu unawahi gari la Mbagala! Dakika za mwanzo ndizo za hatari: uso kuwaka moto, kifua kubana, mgongo kuuma, pumzi kukata. Sema hapo hapo. Tunasimamisha, na mara nyingi hali ikitulia tunaendelea polepole. Kanula, ule mrija wa mshipani, ikiuma au mkono ukivimba, usivumilie. Dakika hizo za mwanzo zikienda salama, dripu zinazofuata huchukua kama saa moja, kwa Kaposi kila wiki tatu.

Mkojo kuwa mwekundu siku moja mbili ni rangi ya dawa. Kinachowasumbua watu wangu zaidi ni viganja na nyayo. Dawa hukaa mwilini siku kadhaa, na ngozi yenye joto na msuguano ndiyo huumia. Wiki ya kwanza mwachie mwingine kufua, kutwanga na kusonga ugali. Oga maji ya baridi, jifute kwa kugusagusa, paka mafuta bila kusugua. Wanaume, na jembe pia. Ngozi ikiwa nyekundu, ikichonyota au kuchubuka, mwambie daktari kabla ya dripu nyingine ili aisogeze mbele au apunguze dozi. Wengine huficha wakihofia kuachishwa dawa, kisha wanakuja hawawezi kukanyaga.

Halafu wapo wanaouza “maji ya nano” mitaani, eti yanapima na kutibu. Kaposi huthibitishwa kwa kukata kinyama kidogo na kukipeleka maabara. Hela hiyo iwe nauli ya kliniki.

Homa ikifika nyuzi 38, hata usiku, njoo hospitali bila kusubiri tarehe yako.