Bei Ikipanda, Usikimbilie Kufyeka

Bei ya kahawa au kakao ikipanda, wengi huwaza kuongeza shamba. Msitu uko jirani, udongo wake una rutuba, magugu ni machache, na kufyeka ni nafuu kuliko kununua mbolea. Hesabu hiyo ina kasoro. Mche uliopandwa leo huchukua miaka mitatu hadi mitano ndipo uzae vizuri, na waliopanda msimu huo ni wengi. Mavuno yao huingia sokoni pamoja na bei huporomoka. Rutuba ya bure nayo haidumu.

Fedha za bei nzuri zirudi kwenye shamba ulilonalo. Mibuni iliyozeeka ikate visiki kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Machipukizi yakitoka, bakiza mawili au matatu yenye nguvu, mengine yaondoe. Usikate shamba zima kwa mpigo, maana kisiki hakikupi mavuno ya maana kwa takriban miaka miwili. Weka samadi, tandaza majani.

Soko lenyewe nalo limeanza kuuliza shamba lilifyekwa lini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umekuwa ukiahirishwa, inagusa kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, mbao na ng'ombe. Ardhi iliyokuwa msitu ikafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, mazao yake hayataruhusiwa kuingia huko. Ndiyo maana mnunuzi hutakiwa kujua shamba liko wapi hasa. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuwa na nukta moja ya mahali kwenye ramani. Kubwa zaidi huchorewa mipaka yote, na simu yenye GPS inaweza kazi hiyo. Hifadhi pia karatasi yoyote inayoonyesha umelima hapo tangu lini. Mnunuzi akija kuchukua vipimo, omba nakala, vinginevyo utabaki unamtegemea yeye peke yake.

Masharti ya namna hii huleta matokeo, ila yana mianya. Nchini Brazili, wafanyabiashara wakubwa wa soya walikubaliana mwaka 2006 kutonunua soya ya maeneo ya msitu wa Amazon yaliyofyekwa upya. Serikali nayo ilikuwa ikifuatilia kwa setilaiti, na kuanzia 2008 mikopo ya kilimo huko ikafungwa na masharti ya mazingira. Ufyekaji wa Amazon ulishuka kutoka takriban kilomita za mraba 27,800 mwaka 2004 hadi 4,600 mwaka 2012. Savana ya Cerrado, nyika ya majani na miti iliyo humo humo Brazili, haikuwemo katika makubaliano hayo, na soya iliendelea kutanuka huko. Savana huonekana kama pori tupu, kumbe mizizi yake mirefu inashikilia udongo na maji.

Sisi wagani tumezoea kusema mavuno yakiongezeka msitu utapona. Si lazima. Shamba likilipa sana, hamu ya kulitanua huzidi, hasa pale ambapo ardhi haina mwenyewe anayejulikana. Kwa hiyo kabla ya kugawa mbegu bora au mikopo, kikundi cha wakulima kikubaliane mpaka wa kulima uishie wapi, kiuweke alama zinazoonekana, na kiandike ni nani atakayeukagua kila kiangazi kabla ya mashamba kusafishwa.