PS2 kwenye laptopu used: pima prosesa kabla hujatoa hela

Wadau, wiki iliyopita nimekesha siku mbili na mdogo wangu juu ya laptopu aliyonunua Kariakoo, used, muuzaji kamwambia "bosi hii i7, RAM 16, inapiga PS2, PS3 mpaka PS4". Tukaweka Gran Turismo 4, sauti ikawa inakatika-katika kama redio yenye betri zinazoisha, gari linasogea kwa mafungu. Jibu tulilipata, ila halikuwa pale tulipokuwa tunalitafuta, ndo maana naandika yote hapa ili mwingine asikeshe bure.

Emyuleta (programu ya kuiga PS2 kwenye kompyuta) ninayoizungumzia ni PCSX2. Ni ya bure, ipo tangu 2002, kwa hiyo mtu akikuuzia hiyo programu, kaa na hela yako.

Hatua ya 1: Dukani achana na RAM, uliza prosesa

PS2 yenyewe ina RAM ya MB 32 tu, na prosesa yake, Emotion Engine (EE), inaenda karibu MHz 295. Mtu akisikia hivyo anasema basi hata simu yangu inatosha, na hapo ndo wengi wanapotea. Laptopu haichezi hilo gemu moja kwa moja, inatafsiri. Kila amri iliyoandikwa kwa ajili ya PS2 inageuzwa kuwa amri za prosesa yako, halafu pembeni kuna vipande viwili vinavyoitwa VU vinavyopiga mahesabu, kuna kingine, GS, kinachochora picha, kuna na prosesa ya PS1 humo humo ndani inayoshughulikia padi na sauti, na vyote hivyo lazima viende pamoja, kimoja kikichelewa vyote vinasubiri. Kazi ya namna hii haigawanyiki kwa viini (cores) vingi. EE inachukua kiini kimoja cha prosesa, GS kingine, VU1, moja ya zile VU mbili, ukiiwashia setingi ya MTVU inapata cha tatu, basi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni nguvu ya kiini kimoja kimoja, na kama una RAM ya 8 tayari, kufikisha 16 hakubadilishi kitu kwenye PS2.

Neno i7 peke yake halikwambii kitu, soma namba yote. i7-4600U ni kizazi cha nne na ina viini viwili. i5-8250U ni kizazi cha nane, ina vinne. Mimi hapo nachukua i5 bila kufikiri. Chini ya kizazi cha nne usinunue kwa kazi hii, maana PCSX2 kwa uchache inataka prosesa yenye amri za SSE4.1 lakini inafurahia zile za AVX2, na AVX2 kwa upande wa Intel imeanza na kizazi hicho, mwaka 2013. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc pale pale dukani, ingia Performance, kisha CPU, usome jina mwenyewe. Stika ya pembeni mtu yeyote anaweza kubandika.

Ya mdogo wangu tulikuta ni i7-8650U, prosesa nzuri tu. Ndo maana tulichanganyikiwa.

Hatua ya 2: BIOS na diski

BIOS (programu ya kuwashia PS2) itoe kwenye PS2 yako mwenyewe kwa biosdrain, diski zako zigeuze faili za ISO, yaani nakala za diski, kwa ImgBurn. Endelea.

Hatua ya 3: Washa namba kwenye skrini

Fungua Settings, tafuta sehemu ya On-Screen Display, weka tiki kwenye spidi, CPU na GPU. Sasa cheza huku unasoma. EE ikigonga karibu asilimia 100 na spidi iko asilimia 60, tatizo ni prosesa, kushusha ubora wa picha hakusaidii. GPU ikigonga 100, hapo ndo unashusha Internal Resolution, toka 3x rudi 2x au 1x. Na kama diski yako ni ya PAL (mfumo wa Ulaya), picha 50 kwa sekunde (FPS) ndo spidi kamili, usitafute 60.

Hatua ya 4: Chaja (hapa ndo siku mbili zetu ziliishia)

Kwetu EE ilikuwa asilimia 99, spidi asilimia 30 na kitu. Tukagusa setingi zote, tukafuta programu, tukaweka upya, tukabadili njia ya kuchora picha, Vulkan na Direct3D, hakuna. Saa nane usiku nikafungua tena Task Manager, safari hii nikaangalia pale chini palipoandikwa Speed: 0.78 GHz. Gemu linaendelea, prosesa ya zaidi ya GHz 4 imekaa 0.78 na haipandi!

Nikachomoa chaja ili nihamie soketi nyingine, na gemu likaanza kukimbia. Nikachomeka, likarudi kukwama. Mdogo wangu akasema, "Kaka, kumbe ni chaja?"

Ilikuwa chaja. Kuna laptopu ambazo plagi ya chaja ina pini nyembamba katikati, hiyo haipitishi umeme wa kuchaji, inaiambia mashine "mimi ni chaja ya wati kadhaa". Ikiwa ni ya kuiga au pini imepinda, mashine haiitambui, inaogopa kuilemea, inaibana prosesa mpaka chini kabisa. Kumbe kila ikiwaka ilikuwa inatoa onyo la maandishi meupe, na dogo anabonyeza tu lipite. Tukatafuta chaja halali ya wati 65, spidi 100 hapo hapo, EE ikashuka kama 80.

Lakini usikimbilie kununua chaja, kwanza jaribu bila chaja kama nilivyosema. Spidi ikiwa sawa kwenye betri na kwenye umeme, angalia Power mode ya Windows iwe Best performance. Ikiwa inaanza vizuri halafu inachoka baada ya dakika kumi, hilo ni joto, fungua, toa vumbi kwenye feni, paka pesti mpya. Prosesa za herufi U zimetengenezwa kwa wati 15 hivi, zinakimbia mwanzoni kisha zinatulia, kwa hiyo majaribio ya dakika mbili dukani hayatoshi, omba ishirini.

Hatua ya 5: Video za "60 FPS kwenye i3 ya zamani"

Wengi wanaozitengeneza wameshusha EE Cycle Rate au wamewasha EE Cycle Skipping, setingi za kuipunguzia EE kazi. Skrini inaandika spidi 100 lakini gemu lenyewe ndani linaruka picha, ukishika padi unasikia uzito. Mimi naacha Cycle Rate 100% na sigusi.

Hatua ya 6: Kama mashine haifiki

Weka PPSSPP, emyuleta ya PSP (PlayStation ya mkononi), inakwenda hata kwenye simu za kawaida na haidai BIOS. Ila "GTA V ya PPSSPP, MB 300" haipo. GTA V ilitoka 2013 kwa PS3 na Xbox 360, PSP haijawahi kuipata. PSP ilipata Liberty City Stories na Vice City Stories. God of War vile vile, za PSP ni Chains of Olympus na Ghost of Sparta, God of War III ni ya PS3. Faili likikudai ujaze fomu au uweke programu nyingine kwanza ndo likupe neno la siri, lifute.