SOMO: Namna ya kulala kwenye hema majira ya baridi bila kutetemeka usiku kucha

Wakuu, heshima kwenu. Wapo wengi wanaopenda kupiga kambi, ila baridi ikianza tu wanalifungia hema stoo mpaka joto lirudi. Wengine walijaribu mara moja, wakakesha wakitetemeka, wakaapa hawarudii tena. Ukiwauliza walilalaje, jibu ni lilelile: mablanketi matatu juu, chini turubai tupu. Ndiyo maana somo hili nalipeleka kuanzia chini kwenda juu.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane jambo moja. Hema halina joto, na mfuko wa kulalia hauna joto. Chanzo cha joto ni mwili wako, na chakula ulichokula ndicho kuni zake. Kazi ya vifaa vyote hivi ni kuzuia joto hilo lisipotee haraka kuliko mwili unavyolitengeneza. Ukishika hilo, mengine yote utayaelewa bila kukariri.

Hatua ya 1: Chagua mahali mapema

Fika jua likiwa bado lipo. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka na kutuama mabondeni na kando ya mito. Panda kidogo tu kutoka kwenye bonde utakuta nafuu, lakini usipande hadi kileleni maana huko utapigwa na upepo. Tafuta kinga ya miti au mwamba, kisha inua macho: matawi makavu au yaliyolemewa na theluji hayafai kulaliwa chini yake. Pakiwa wazi upande wa mashariki, jua la asubuhi litakufikia mapema na vitu vyako vitakauka.

Kwenye theluji, kanyagakanyaga eneo lote hadi liwe gumu, halafu subiri kama nusu saa ndipo usimamishe hema. Usipofanya hivyo, ukilala tu patabonyea na kuacha mashimo chini ya mabega na nyonga. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye theluji laini. Funga kamba ya hema kwenye kijiti au kifuko kilichojazwa theluji, kifukie kikiwa kimelala, shindilia, kiache kigande.

Hatua ya 2: Chini yako

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua cha kulalia juu yake. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi hufanya kinyume: fedha yote inaishia kwenye mfuko wa kulalia.

Kinachozuia baridi ndani ya mfuko ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya au nyuzi. Ukilala, uzito wako unaibana sehemu ya chini na hewa yote inatoka. Sehemu hiyo inabaki kitambaa tu, na ardhi inakunyonya joto hadi alfajiri. Blanketi ya juu, hata ziwe kumi, haisaidii kitu kwa joto linalotokea mgongoni.

Magodoro ya kambini hupimwa kwa namba inayoitwa thamani ya R. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo godoro linavyozuia joto vizuri. Tangu mwaka 2018 kuna kipimo kimoja cha pamoja, ASTM F3340, kwa hiyo ukikuta godoro limepimwa kwa kipimo hicho unaweza kulilinganisha na la kampuni nyingine. Godoro jembamba la sponji huwa karibu na 2, linatosha majira ya joto. Baridi ya kuganda inataka 4 au 5 kwenda juu, na ukilala juu ya theluji ongeza zaidi. Jambo zuri ni kwamba namba hizi zinajumlishwa: sponji ya 2 chini na godoro la upepo la 3 juu yake, umepata 5. Mimi napendelea mpangilio huo kuliko godoro moja la gharama, kwa sababu la upepo likitoboka usiku bado unabaki na sponji.

Godoro la upepo usilipulize kwa mdomo. Pumzi ina maji, na maji hayo huganda ndani. Tumia pampu au kifuko chake cha kujazia. Na yale magodoro manene ya upepo ya nyumbani, yasiyo na kitu ndani zaidi ya hewa, yaache huko huko nyumbani. Hewa inazunguka humo ndani na kuhamishia joto lako ardhini.

Kabla ya giza, fanya jaribio hili. Jilaze dakika kumi umetulia, kisha sikiliza nyonga na mabega, maana hapo ndipo uzito unapokaa. Ukihisi ubaridi unapenya taratibu kutoka chini, ongeza kitu sasa hivi: nguo za akiba, begi la mgongoni likiwa tupu, hata majani makavu mengi chini ya hema. Saa nane za usiku hutakuwa na nguvu ya kutoka kutafuta.

Hatua ya 3: Mfuko wa kulalia

Soma lebo yote, siyo ile namba kubwa iliyoandikwa mbele. Mifuko iliyopimwa kwa kipimo cha ISO 23537 huwa na namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe, yaani baridi ambayo mtu analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Imekadiriwa kwa mwili wa mwanamke wa wastani. Ya pili ni kikomo, imekadiriwa kwa mwanaume wa wastani aliyejikunja. Ya tatu ni ya hatari: hapo kinachozungumzwa ni kunusurika, kulala kumeshasahaulika. Wewe nunua kwa namba ya starehe na uache nafasi. Usiku ukitarajiwa kushuka nyuzi 5 chini ya sifuri, tafuta wenye starehe ya nyuzi 10 chini ya sifuri.

Wa manyoya ya bata ni mwepesi na una joto sana, lakini ukilowa unanywea na kupoteza kazi yake. Wa nyuzi za poliesta ni mzito zaidi ila huvumilia unyevu. Wowote utakaochagua, utoe kwenye kifuko chake mara tu hema linaposimama, uukung'ute, uuache ujae hewa.

Hatua ya 4: Nguo za kulalia

Tenga nguo ambazo kazi yake ni kulala tu: za sufu au poliesta, kavu kabisa, pamoja na soksi. Pamba iache, inashika jasho na haikauki. Badilisha zote hata kama ulizovaa mchana unaziona kavu, kwa sababu jasho huwa limejificha hasa kwenye soksi. Zisikubane. Vaa kofia ya sufu.

Hatua ya 5: Ingia ukiwa na joto

Mfuko hautakupasha joto kama umeingia umepoa. Kula chakula chenye mafuta, kunywa kitu cha moto, nenda haja, kisha tembea haraka au piga skwati kadhaa bila kufika kutoka jasho.

Chemsha maji, mimina kwenye chupa ngumu inayohimili maji ya moto. Kaza kifuniko, igeuze juu chini na uitikise ukiwa nje ya hema, kisha pitisha kidole kuzunguka shingo yake. Kidole kikitoka na unyevu, chupa hiyo haiingii kitandani. Ikiwa salama, ivishe soksi nene ili isikuunguze na uiweke katikati ya mapaja, panapopita mishipa mikubwa ya damu. Baadaye isukume miguuni. Chupa ya chai haifai kwa kazi hii kwani imetengenezwa isiachie joto.

Hatua ya 6: Acha hewa ipite

Hapa wengi watanibishia. Ukifunga kila tundu, mvuke wa pumzi unagonga kitambaa cha baridi, unakuwa maji au sakitu (umande ulioganda), na alfajiri unakudondokea. Mfuko uliolowa usiku wa kwanza utakutesa usiku wa pili. Fungua matundu ya juu, na mlango uache wazi kidogo chini.

Pia usizamishe uso ndani ya mfuko. Kaza kamba ya kichwani hadi ibaki nafasi ya pua na mdomo, na skafu juu ya pua kama hewa inakuuma. Asubuhi futa sakitu kwa kitambaa kabla haijayeyuka, kisha geuza mfuko ndani nje uuanike.

Hatua ya 7: Moto haulali na wewe

Jiko la mkaa, la gesi, la mafuta, makaa yanayoonekana yamezimika: hakuna kinachoingia ndani ya hema kwa ajili ya kukupasha joto. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Familia nzima huondoka hivyo kwa usiku mmoja. Tafadhali sana wakuu, kwenye hili msifanye majaribio.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi mwili unakuwa sawa ila miguu barafu, hata nikivaa soksi tatu.

Jibu: Hizo soksi tatu huenda ndizo tatizo. Zikibana, damu haifiki vidoleni. Vaa jozi moja nene iliyolegea, na koti lako lizungushie nje ya mfuko upande wa miguu. Halafu angalia kiwiliwili: mwili ukiona joto la katikati linapungua, hupunguza damu ya mikono na miguu kwanza. Vaa kofia, kula kitu, utaona tofauti.

Swali: Jiko langu la gesi linafifia asubuhi ingawa mtungi una gesi. Limeharibika?

Jibu: Hapana ndugu. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Tafuta mitungi yenye mchanganyiko wa propani na isobutani. Kabla ya kupika uweke mtungi ndani ya koti, na ukipika usiuweke moja kwa moja juu ya theluji, uwekee kipande cha sponji. Kamwe usiupashe kwa moto.

Swali: Vipi kinywaji kikali kidogo kabla ya kulala? Wazee wanasema kinapasha.

Jibu: Kinakufanya uhisi joto, kwa sababu kinatanua mishipa ya ngozi. Damu yenye joto inakuja juu na joto linapotea. Kunywa chokoleti ya moto.

Swali: Mwalimu, nina mtoto wa miaka minne. Naweza kwenda naye?

Jibu: Dada, kwa baridi ya kawaida inawezekana, kwa baridi ya kuganda subiri akue. Watoto hupoteza joto haraka kuliko sisi. Mfuko wa mtu mzima ni mkubwa mno kwake. Ukunje chini na uufunge kwa kamba ili nafasi tupu isimpoze. Usiku mguse kifuani au shingoni, mikono itakudanganya.

Swali: Nitajuaje mwenzangu amezidiwa na baridi na siyo kutetemeka kwa kawaida?

Jibu: Sikiliza anavyoongea na tazama mikono yake. Maneno yakianza kuburuzika, akishindwa kufunga zipu, akiwa mkaidi au amechanganyikiwa, joto la mwili huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Akiacha kutetemeka huku bado yuko baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kote pamoja na chini yake, mpe kitu cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu, na omba msaada wa uokoaji mapema.

Swali: Samahani kwa swali hili. Usiku nikibanwa na haja ndogo nivumilie hadi asubuhi?

Jibu: Usivumilie, hutapata usingizi. Tumia chupa yenye mdomo mpana, na kwa dada zetu vipo vifaa vya kuwasaidia. Chupa hiyo iwe tofauti kabisa na ya maji: ifunge mpira shingoni ili uitambue kwa vidole gizani.