Kununua nyumba ya wapangaji kwa mkopo hapa Tanga: anza na hati, benki baadaye

Mwaka jana mpwa wangu, nesi, alipata nyumba ya vyumba sita Ngamiani. Bei milioni 65, mkononi ana milioni 25, na benki alikuwa keshaongea nayo kuhusu milioni 40 zilizobaki. Mimi nimeshughulika na mikopo kwenye SACCOS miaka mingi, na nyumba yangu ya Makorora niliinunua kwa mkopo, kwa hiyo nikamwambia, "Wiki sita, mwanangu, unakabidhiwa funguo." Ilikwenda miezi saba. Nimeyaandika haya kwa sababu tangu hapo watu watatu wamenifuata na swali lilelile: nyumba ya wapangaji inanunuliwaje kwa mkopo?

Hatua ya 1: Hesabu kodi ya miezi kumi

Dalali atakupigia hesabu ya miezi kumi na miwili, vyumba vyote vimejaa. Usiikubali. Nyumba ya mpwa wangu ina vyumba vinne vya elfu 50 na pande mbili za chumba na sebule za elfu 90, jumla 380,000 kwa mwezi. Kwa miezi kumi ni milioni 3.8 kwa mwaka. Hiyo miezi miwili mingine ni ya chumba kilichokaa wazi, bati lililotoboka na mpangaji anayesema "nitakuona mwisho wa mwezi" bila kutaja mwezi gani.

Sasa weka marejesho. Milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, miaka kumi, ni kama 645,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7.7 na ushee. Kwa maneno mengine, wapangaji wanalipa nusu ya rejesho na mshahara wako unalipa nusu nyingine. Kama hukuwa unalijua hilo, bora ulijue leo. Anayekwambia nyumba ya vyumba Tanga inajilipa yenyewe, mwombe akuonyeshe daftari.

Halafu kuna hii habari ya bomba la mafuta la Chongoleani. Wauzaji wengi wanataja kodi walizokuwa wakilipwa na mafundi na wahandisi wa mradi. Mafundi huja na kuondoka. Nunua kwa kodi anayoweza kuilipa mwalimu au muuza duka wa mtaa huohuo.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mkopo

Uliza jambo moja kabla ya yote: riba ni ya salio linalopungua au ni ya moja kwa moja juu ya mkopo wote? Asilimia 12 ya moja kwa moja ni ghali kuliko 15 inayopungua, na karani hatakwambia usipouliza.

Muda nao una bei yake. Milioni 40 zilezile kwa miaka 15 zinashusha rejesho hadi kama 560,000, lakini utakuwa umelipa jumla ya milioni 100 na zaidi, wakati miaka kumi ingekuwa 77. Mimi ni mtu wa miaka kumi. Mtumishi wa serikali akumbuke theluthi moja ya mshahara haiguswi na makato, kwa hiyo kama una mkopo mwingine, umalize kwanza.

Asiyetaka riba kwa sababu ya dini ana njia: benki zinazofuata sharia hununua mali na kukuuzia kwa bei ya juu mliyokubaliana, ukalipa kidogo kidogo. Hatua zinazofuata hazibadiliki.

Hatua ya 3: Jina lililoandikwa kwenye hati

Hapa ndipo miezi ilipoliwa.

Muuzaji alitutolea hati kutoka kwenye mfuko wa rambo, imekunjwa mara nne, kona moja ina doa la chai. Hati halali, muda wake haujaisha. Lakini jina lilikuwa la baba yake, aliyefariki zamani. Muuzaji alikuwa na fomu ya Mahakama ya Mwanzo iliyomteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi, Fomu Namba 4, ina muhuri na kila kitu. Tukaona yamekwisha. Tukaandika makubaliano, mpwa wangu akatoa milioni 5 za kushika nyumba, tukapeleka faili benki.

Mwanasheria wa benki alilirudisha. Fomu ya mahakama inampa msimamizi mamlaka, lakini haibadilishi jina kwenye daftari la Msajili wa Hati. Benki haiwezi kuandikisha rehani juu ya nyumba ambayo mmiliki wake kwa msajili ni marehemu. Kwanza msimamizi aandikishwe yeye kwenye hati kama msimamizi, ndipo ahamishe kwenda kwa mnunuzi. Ni miamala miwili, na ule wa kwanza ni wa muuzaji, wala si wako.

Ngamiani imejaa nyumba za urithi, kwa hiyo nisikilize vizuri:

Chukua namba ya shauri la mirathi, nenda mwenyewe mahakamani ukaulize kama uteuzi bado uko hai na kama kuna pingamizi. Fomu yenye muhuri peke yake isikutoshe.

Taka orodha ya warithi wote na saini zao za kukubali kuuza, kwa bei iliyoandikwa. Kwetu sisi kaka mmoja alikuwa Mombasa. Alikuwa ameambiwa nyumba inauzwa, bei hakuambiwa. Alipoisikia mtaani akakataa kusaini, hadi alipopanda basi, akavuka Horohoro na kukaa kikao na ndugu zake siku mbili. Kumbe tatizo lake halikuwa bei, alitaka tu aulizwe.

Mjane wa marehemu kama anaishi humo ndani, ongea naye uso kwa uso, na shikamoo yako. Usipelekewe majibu yake na mwanawe.

Barua ya benki ya kukubali mkopo ina tarehe ya mwisho. Ya kwetu ilikuwa siku 90. Iliisha tukiwa bado tunasubiri usajili, ikabidi tuombe upya na kumlipa mthamini mara ya pili.

Na ile milioni 5: iwekwe kwa wakili wako, uliyemtafuta wewe, kwa maandishi yanayosema itarudi lini na kwa sababu gani. Mpwa wangu alimpa muuzaji mkononi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Muuzaji ni mtu mwema, lakini pesa ilikuwa imeshageuka mabati ya nyumba nyingine.

Hata kama muuzaji yuko hai na hati ni yake, fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa uone kama kuna rehani au zuio. Na kama ana ofa tu, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja, hana hati, mwambie akashughulikie hati kwanza, ndipo uende benki.

Hatua ya 4: Mthamini

Benki itakupa orodha ya wathamini wake. Mkopo unapimwa kwa thamani anayoandika yeye, si kwa bei mliyokubaliana. Nyumba za karibu na bahari, Sahare na Raskazone, kagua nondo za lenta kabla hajafika. Chumvi inazila.

Hatua ya 5: Kodi na uhamisho

Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji. Iandike kwenye mkataba, maana siku ya mwisho atakwambia "hiyo tugawane". Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wako. Pango la ardhi lililolimbikizwa ni lake. Mke au mume wa kila upande asaini ridhaa. Mengine wakili anayajua.

Hatua ya 6: Wapangaji uliowarithi

Wapangaji wawili walikuwa wamelipa miezi sita mbele, na pesa iko kwa muuzaji. Pita chumba kwa chumba na daftari, andika kila mmoja amelipa hadi lini, asaini, kisha ukate jumla hiyo kwenye bei kabla ya kulipa fungu la mwisho. Sisi tulikata 420,000. Daftari la karatasi, tafadhali. Simu huibiwa.

Siku hiyohiyo soma mita ya maji, ulizia deni Tanga-UWASA. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo nyumba yenye mita zaidi ya moja iangalie isikatwe mara mbili. Ikitokea, peleka namba za mita kwa wanaoikusanya kodi hiyo. Na mpangaji anayenunua umeme ndiye anayekatwa kodi yako. Mrudishie kwenye kodi ya pango kabla hajaidai. Kisha funua mfuniko wa karo la choo uangalie limefika wapi. Mpwa wangu hakufunua, na gari la kunyonya aliliita wiki ya pili.