Kuchora mandhari ya kiklasiki kwa rangi za mafuta, tukianzia Dunga

Wengi huku Kisumu wakinunua rangi za mafuta kitu ya kwanza ni kukimbia Dunga, pale ufukweni mwa Ziwa Victoria, jioni na kanvasi kujaribu kushika jua likizama, halafu giza inaingia kabla anga haijaisha. Mandhari ya kiklasiki haichorwi hivyo. Claude Lorrain, yule Mfaransa aliyeishi Roma miaka ya 1600, alikuwa anatoka nje anachora miti na mwanga kwa karatasi, lakini picha yenyewe aliipanga akiwa ndani. Njia yangu ni hiyo.

Hatua ya 1. Enda Dunga saa kumi na moja hivi na penseli na daftari tu. Chora mti mmoja vizuri, mitumbwi, mafunjo, vilima vya ng'ambo, na uandike kando wapi kunang'aa zaidi na wapi kuna giza zaidi. Usitegemee simu, ju kamera ikishika anga vizuri miti inakuwa nyeusi tii, na hapo kwa kivuli ndio kuna rangi unazitafuta.

Hatua ya 2. Ukifika nyumbani panga picha sehemu tatu. Mbele giza, mafunjo na mti mkubwa upande mmoja, mimi hupenda mkuyu, hata kama pale ulipokaa hakukuwa na mkuyu. Katikati maji. Nyuma kabisa mwanga, na jua likae chini karibu na maji. Angalia ile picha ya bandari ya Malkia wa Sheba, Claude aliichora 1648 na iko National Gallery kule London, uone vile jua lenyewe liko ndani ya picha na njia ya mwanga inakuja juu ya mawimbi mpaka kwako. Ziwa letu hufanya hivyo hivyo jioni.

Hatua ya 3. Paka kanvasi jeso, ile rangi nyeupe ya kuandaa kanvasi, mara mbili. Ikikauka, chukua rangi ya banti amba, kahawia nzito, na tapentaini, paka nyepesi, pangusa na kitambaa, kisha chora vivuli vyote na hiyo kahawia peke yake. Amba hukauka haraka. Kama picha haisomeki kwa kahawia tu, rangi zingine hazitaiokoa.

Hatua ya 4. Anza nyuma uje mbele. Karibu na maji nyeupe ya titaniamu na yelo oka (manjano ya udongo) kidogo, ukipanda juu ongeza ultramarini, ile buluu. Vilima vya mbali vichanganye na rangi ile ile ya anga, vififie, nyeusi usiguse kabisa.

Hatua ya 5, na hapa tafadhali soma polepole. Mafuta kidogo kwa tabaka za chini, mafuta mengi kwa tabaka za juu. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka, inashikana na oksijeni ya hewa, na ile yenye mafuta mengi inachukua muda zaidi na inabaki na unyumbufu. Ukiweka rangi kavukavu, yenye mafuta kidogo, juu ya ile ya mafuta mengi, ya juu inakauka mapema ya chini bado inasonga, basi inapasuka. Picha yangu ya kwanza ya ziwa ilipasuka anga yote baada ya miezi kadhaa na iliniuma sana. Kwa hivyo ya kwanza tapentaini, zinazofuata ongeza linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) polepole. Nunua linsidi safi ya wachoraji, ile iliyochemshwa ya hadware inageuka manjano sana.

Hatua ya 6. Miti mwisho. Weka majani kwa mafungu, sio moja moja, uache anga ipenye katikati.

Fungua dirisha ukifanya kazi. Vitambaa vya linsidi vitandaze nje vikauke, usivirundike kwa kona, ju vinaweza kushika moto vyenyewe. Vanishi ngoja miezi 6 au zaidi, hata kama mteja anaisubiri.