Jinsi ya kusoma kauli za kampuni za kompyuta kabla hujaweka hela yako

Hapa Dodoma watu waliozoea hisa wanazijua za CRDB, NMB na Voda, unanunua, unasubiri gawio, maisha yanaenda. Ila siku hizi kuna vijana wamehamia hisa za Marekani, na kampuni ya kwanza mtu anayoiwaza ni ile iliyotengeneza laptopu yake. Sio mbaya, ila hizi hisa zinayumba kwa maneno ya mabosi karibu sawa na kwa mauzo, kwaiyo jifunze kuyasoma.

Kwanza achana na habari za kusimuliwa. Kampuni ya Marekani iliyo kwenye soko la hisa la huko lazima ipeleke taarifa zake SEC, yaani mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, na zipo mtandaoni bure: 10-K ya mwaka, 10-Q ya robo mwaka, na 8-K ndo inabeba jambo zito lililotokea katikati, tena mara nyingi matokeo ya robo na makadirio ya mapato yanaambatanishwa humo humo. Chukua daftari andika walichokadiria, robo ijayo uje ulinganishe.

Alafu angalia namba gani wameacha kuitaja. Novemba 2018 Apple walisema hawatatoa tena idadi ya iPhone, iPad na Mac walizouza, watu wakanuna na hisa ikashuka. Tarehe 2 Januari 2019 Tim Cook, bosi wao wakati huo, akawaandikia barua wawekezaji kwamba mapato ya robo waliyokadiria dola bilioni 89 mpaka 93 yatakuwa kama 84 tu, kesho yake hisa ikadondoka karibu asilimia 10. Iliuma, lakini mi naihesabu ile barua kuwa kauli nzuri, maana alitoa namba, akataja tatizo liko China, na akasema mwenyewe kabla ya siku ya matokeo. Kabla mwaka haujaisha hisa ilishapita ilipokuwa.

Sasa weka pembeni yake HP. Agosti 18, 2011 bosi wao Léo Apotheker alitangaza siku moja kwamba wanafikiria kuachana na biashara ya kompyuta, wanaua tableti ya TouchPad ambayo haijamaliza hata miezi miwili sokoni, na wanainunua Autonomy, kampuni ya programu ya Uingereza, kwa zaidi ya dola bilioni 10. Yote kwa pumzi moja! Na kompyuta zikaachwa zinaning'inia, hawauzi, hawabaki nazo. We fikiria ndo afisa manunuzi wa wizara pale Mtumba unataka laptopu mia mbili, utachukua za kampuni ambayo yenyewe haijui kama itaendelea kuzitengeneza? Kesho yake hisa ikashuka kama asilimia 20, Septemba bosi katolewa, Oktoba bosi mpya Meg Whitman akasema kompyuta zinabaki. Na ile Autonomy mwaka uliofuata wakafuta dola bilioni 8.8 vitabuni, yaani walikubali thamani hiyo haipo tena.

Kuna na wale wanaosifia mashine mpya wakati ya zamani bado imejaa stoo. Osborne, kampuni ya kompyuta ya Marekani, walifilisika 1983 na wengi wanasema ilikuwa hivyo, wauzaji walisikia inakuja nyingine wakasimamisha oda, ingawa wapo wanaosema ushindani ndo uliwamaliza. Mi naamini vyote, mwanachuo wa UDOM ukimwambia toleo jipya linakuja mwezi ujao anakurudishia laptopu mezani na hela anaweka mfukoni.

Cha mwisho ni mkaguzi wa hesabu. Ukiona 8-K inasema mkaguzi kajiuzulu, usisubiri bosi akubembeleze. Oktoba 2024 Ernst & Young walijitoa kwa Super Micro, watengeneza seva, wakisema hawako tayari kuhusishwa na hesabu zilizoandaliwa na uongozi, na habari ilipotoka hisa ikapoteza kama theluthi moja ndani ya siku moja. Baadaye kamati iliyoundwa na bodi ilisema haikukuta ushahidi wa udanganyifu, sawa, lakini 10-K ilikuwa bado haijatoka. Hali kama hiyo mi siongezi hata shilingi mpaka hesabu zilizokaguliwa zionekane, na wao walikuja kuzipeleka Februari 2025.